Chogoria Haikuwa Wikendi, na Mimi Niliwadanganya

Sawa wasee, tuongee. Najua mmezoea nikija hapa na picha za machweo na muziki wa pole pole. Leo hakuna muziki. Leo nimekuja kugombana, na mtu wa kwanza kwa laini ni mimi mwenyewe wa mwaka jana.

Mwaka jana mwezi wa pili niliweka video ya Mlima Kenya kupitia Chogoria. Wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu ya hiyo video, kwa hivyo mnaikumbuka. Nilisema watu wanakanyagana Sirimon na Naro Moru na huku Chogoria kumetulia. Hiyo ni kweli. Nilisema hata na raba zako za kawaida utafika. Hiyo ilikuwa nusu kweli, kwa sababu sikunyeshewa. Halafu nikaangalia kamera na kusema, "Wikendi moja tu, na uko juu." Hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Miezi mitatu baadaye nikapata meseji ya jamaa tulikuwa naye hosteli moja kabla sijaacha chuo. Hatukuwa marafiki sana, tulikuwa watu wa kuazimana chaja. Akaniambia mdogo wake, wa miaka kumi na tisa, alienda Chogoria na kikundi cha wikendi. Jinzi, raba, jaketi ya kuazima. Usiku kambini akaanza kuongea vitu havieleweki. Akisimama anayumba, anakanyaga kando kama mtu amelewa. Wenzake wakadhani kweli amelewa. Mmoja akamchukua video akicheka. Ni wapagazi ndio walisema huyu hajalewa, huyu mlima umempiga kichwani, na wakamteremsha usiku huo huo bila kungoja mtu apige kura. Alilazwa hospitali siku nne. Alipona, mshukuruni Mungu na hao wapagazi.

Jamaa hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Aliandika tu, "Alikuwa ameihifadhi video yako. Walikuwa wanaitazama kwa basi."

Nimekaa na hiyo sentensi muda mrefu kuliko nilivyokaa na degree.

Sasa, kabla mtu aandike "bro si makosa yako, kila mtu ni mtu mzima," ngoja tufanye hesabu kidogo. Nairobi iko kama mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Plani ya wikendi inaenda hivi: mnatoka tao Ijumaa usiku, alfajiri mko mji wa Chogoria, mnapandishwa Land Cruiser hadi mwisho wa barabara, mnaanza kutembea, na Jumamosi jioni mnalala Mintos, zaidi ya mita 4,200. Saa nane au tisa usiku mnaamshwa kwenda Point Lenana, mita 4,985. Jumapili mnashuka mkikimbia kwa sababu Jumatatu kuna kazi.

Watu wanaosoma mambo ya mwili na milima wanasema ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya kama mita 500. Sisi tuliruka mita 2,500 kwa usiku mmoja. Na ule usiku wa kwanza hatukulala popote, tulikuwa kwa basi tukisinzia na shingo zimepinda. Huko Lenana hewa unayovuta imebaki kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya mtu aliyekaa Mombasa akila viazi karai. Mwili unaweza kuzoea hiyo hali. Shida ni kwamba unataka siku, na siku huwezi kuziharakisha kwa kunywa energy drink.

Na tafadhali msiniambie habari za gym. Hii ndiyo kitu ilinishtua zaidi nilipoanza kusoma, nikiwa nimechelewa: kuwa fiti hakukukingi. Unaweza kukimbia Karura kila asubuhi na uangushwe na mlima, na mama wa miaka hamsini anayetembea pole pole akakupita akikuuliza kama uko sawa. Tena wale fiti ndio hatari, kwa sababu wanaenda haraka na hawakubali kusema kichwa kinauma. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu: hizo ni salamu za kwanza za mlima. Ukizijibu kwa kupumzika na kutopanda zaidi, mara nyingi mambo yanatulia. Ukizipuuza uendelee kupanda, kuna watu maji huingia kwenye mapafu na kuna watu ubongo huvimba. Kuyumba kama mlevi ni dalili ya hiyo ya pili. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Kushuka sasa, usiku, mvua, mkiwa mmelipa au hamjalipa. Sio "tungoje kupambazuke." Na zile tembe ambazo watu wanapeana kwa basi kama peremende, ongea na daktari kwanza, si mimi, na si yule msee ako na begi kubwa.

Hapo ndipo neno "kimya" linaingia, na hapo ndipo nawadai msamaha.

Nilikuwa nauza kimya kama vile watu huuza nyumba za Kilimani. Utulivu, hewa safi, mbali na kelele. Lakini fikiria kimya cha mlimani kimetengenezwa na nini. Kimetengenezwa na watu kutokuwepo. Sirimon una Old Moses chini na Shipton's juu, kuna majengo, kuna vikundi vinapanda na kushuka, ukianguka saa tano asubuhi mtu atakupata kabla ya saa sita. Chogoria unalala kwa hema. Kutoka mjini hadi geti la mbuga ni kama kilomita 30 za barabara ya msitu, mianzi pande zote, mavi ya ndovu katikati, na mvua ikishika hiyo barabara inakuwa uji. Gari la kawaida halitii. Kwa hivyo hesabu ya mtu akiugua Mintos ni hivi: masaa ya kutembea hadi barabara, halafu gari lije kama linaweza kuja, halafu msitu, halafu mji, halafu ndio uanze kutafuta hospitali. Kila kitu nilichosifu kwenye video ndicho kilichokuwa kati ya yule kijana na daktari.

Sikusema hilo. Nilijua? Nilijua. Nitawaambia nilijuaje.

Kwenye safari yetu wenyewe kulikuwa na dada mmoja, hatukuwa tunajuana, alikuja peke yake na alikuwa ndiye mcheshi wa kundi lote. Kufika Mintos akanyamaza. Chakula kilipokuja, wali na ndengu, akatoka nje akatapika, akarudi, akatoka tena. Kiongozi wa njia, mtu wa huko huko Chogoria, akasema huyu ashuke. Mwenye safari, yule aliyetukusanya pesa na kutupigia kelele za "team hatushindwi," akasema apumzike, asubuhi atakuwa fiti, itakuwa vibaya akose kilele na amelipa. Wakabishana kwa sauti ya chini pembeni mwa hema. Mimi nilikuwa nabadilisha betri ya droni. Niliwasikia wote wawili.

Mwishowe hakuna aliyeamua. Mpagazi mmoja, mzee wa makamo aliyevaa gamubuti, alichukua begi la yule dada, akamshika mkono, wakaanza kushuka na tochi moja. Hakuomba ruhusa ya mtu. Tuliwakuta kesho yake jioni kule mwisho wa barabara. Dada alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula chapo, rangi imerudi. Alikuwa ameanza kujisikia vizuri walipokuwa wameshuka tu masaa mawili, ndivyo alivyoniambia. Mzee alikuwa amelala chini ya mti na kofia usoni.

Nilikuwa na hiyo yote kwenye kadi. Sauti ya mabishano, tochi ikiteremka bondeni ikizidi kuwa ndogo, chapo. Nikaikata yote. Nilisema inaharibu mwendo wa video. Nikaweka pimbi mmoja anakula ganda la ndizi, kwa sababu pimbi ni kontenti.

Basi mnaona tatizo? Wale vijana kwenye basi walimwona pimbi. Hawakuona tochi. Kama wangeiona, labda mtu angejua kuyumba si pombe.

Sasa niwageukie wenye safari za wikendi, maana nimejipiga vya kutosha. Najua mtakachosema. Mtasema watu hawana pesa wala likizo. Kweli, ada ya mbuga inalipwa kwa siku, kila usiku wa ziada ni ada, ni chakula, ni mshahara wa wapagazi, na kijana anayelipwa kwa siku huko Industrial Area hawezi kuchukua Alhamisi na Ijumaa. Naelewa kabisa, mimi mwenyewe nimelipa safari kwa vipande vitatu. Lakini sikia: kama mtu hana pesa ya siku nne, hiyo haimaanishi umuuzie siku mbili za hatari kwa bei nafuu. Ni kama matatu iseme abiria hawana pesa kwa hivyo tumetoa breki. Mwambie ukweli: huu mlima unataka pesa hii na siku hizi, weka akiba, sisi tutakungoja. Wakati huo mpeleke Longonot, mita 2,776, anarudi nyumbani jioni na vumbi masikioni. Mpeleke Ngong. Mpeleke Elephant Hill huko Aberdare ajue matope ni nini. Halitamzoesha hewa ya Lenana, lakini atajua viatu vyake vinamuumiza wapi, na wewe utajua ni nani huficha akiugua.

Na muache hii biashara ya "hatushindwi." Hakuna anayeshindana na nyinyi. Tena wengi mnaorudi mkisema mmeshinda Mlima Kenya, mlifika Lenana, ambacho ni kilele cha tatu. Batian wa mita 5,199 na Nelion wanataka kamba na watu wanaojua kupanda mwamba. Lenana ni kizuri, nililia nikiwa juu, siongopi. Lakini tusitembee kifua mbele kama tumemaliza.

Kuhusu wapagazi nina neno, na hili siwezi kulipunguza. Halford Mackinder alifika Batian mwaka 1899 na Waitaliano wawili waliokuwa viongozi wake wa mlima, na majina yao wote watatu yako kwenye vitabu. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia. Taja mmoja. Nangoja. Kuna kambi inaitwa Mackinder's, kuna kambi inaitwa Shipton's, na vilele vikubwa vimepewa majina ya malaiboni wa Kimaasai. Waliobeba unga hawana hata kijito.

Na sisi tumeendeleza hiyo tabia vizuri sana. Angalia video yangu tena. Wapagazi wanapita kwa nyuma sekunde nne, wameinama, mizigo imewafunika vichwa. Mzee wa gamubuti hayumo kabisa. Nilimuuliza tukiwa kwa gari analipwa ngapi kwa safari kama hiyo. Aliniambia. Sitataja kiasi kwa sababu hakunipa ruhusa, lakini nilikuwa nimevaa viatu ambavyo hiyo pesa haingenunua hata kimoja. Nilimuuliza na usiku wa jana je, ile ya kumteremsha dada, hiyo wanaongeza? Akacheka. Sio cheko la uchungu, alicheka kama vile nimemuuliza kama wanalipwa kwa kupumua.

Kwa hivyo unapoona tangazo la wikendi bei ya kutupa, uliza hiyo bei imeshushwa wapi. Mafuta ya gari hayashuki. Ada ya mbuga haishuki, unalipa eCitizen kama kila mtu. Kuna kitu kimoja tu kwenye hiyo bajeti ambacho kinaweza kubanwa bila kupiga kelele, na kimevaa gamubuti.

Haya, upande wa pili. Kuna wale wengine, nyinyi mnajijua, mnaoniandikia kila mara "acha kuposti Chogoria, utaiharibu, baki na siri yako." Hamjaniambia nisidanganye. Mmeniambia ninyamaze. Hizo ni vitu viwili tofauti na sitaki kuonekana niko nanyi leo kwa sababu nimekiri makosa.

Siri ya nani? Watu wa Chogoria wamekuwa wakiuona huo mlima kila asubuhi mawingu yakikubali. Wazee wa Kikuyu wameomba wakielekea Kirinyaga kabla ya babu yako kununua Land Cruiser. Mimi nililelewa Umoja, hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniambia mlima ni mahali mtu huenda kwa hiari. Nilijua uko pale kwa noti za zamani na kwa vitabu vya Jiografia. Nilienda kwa sababu mtu niliyemfuata aliposti. Kama angeibania, ningekuwa bado najua Mlima Kenya ni jibu la swali la mtihani. Na huko Tharaka Nithi kuna mwenye gari, mama wa hoteli, mpagazi na mpishi wanaotaka njia yao ijulikane, maana wageni wengi wanaishia Nanyuki. Ukiwaambia wabaki kimya ili wewe upate picha bila vichwa vya watu, huo si ulinzi wa mazingira, hiyo ni kutaka kiti cha dirishani peke yako.

Takataka ni kweli, nakubali. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga zetu tangu 5 Juni 2020 na bado nimeokota chupa chini ya lobelia. Lobelia, kama hujaziona, ni mimea mikubwa ajabu inayosimama kama watu waliovaa makoti, na nyingine usiku hukunja majani kuzuia baridi isiue chipukizi la ndani. Mmea una akili ya kujifunika na wewe umekuja na kaptula. Anyway. Anayetupa chupa afukuzwe. Lakini hakuanza kutupa chupa kwa sababu alijua njia, alianza kwao mtaani.

Niseme pia kitu kizuri, kwa sababu mkimaliza kusoma hii mkadhani Chogoria ni kaburi nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Safari hii nimerudi huko, mwezi uliopita, usiku tatu kabla ya kilele. Usiku wa kwanza getini, mita 2,950, baridi ya kawaida ya kutetemeka. Wa pili Ziwa Ellis. Wa tatu Mintos, na hata hiyo ruka ya mwisho ni kubwa kidogo, mwenye siku ya ziada aitumie hapo. Mwaka jana nilipita Ziwa Ellis bila kusimama. Mwaka huu nilikaa pale jioni nzima na sikufanya kitu. Siku iliyofuata tulifuata ukingo wa Gorges Valley, na kufika kwenye mwamba unaoitwa Temple, unachungulia hivi, miguu inakataa, na chini kabisa kuna Ziwa Michaelson, jeusi halafu kijani halafu jeusi tena mawingu yakipita. Hakuna mtu. Upepo tu, na ndege wadogo wa chozi kwenye maua. Mwaka jana nilikuwa hapo hapo na kichwa kilikuwa kinagonga kiasi kwamba nilirekodi sekunde thelathini nikakaa chini. Yaani nilienda mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufika na sikupaona, nilipaona baadaye kwa laptop.

Mzee wa gamubuti alikuwepo. Nilimtafuta kupitia kwa kiongozi wa njia. Nilimwonyesha ile video kwa simu, yote, na nikamwambia ni wapi yeye angekuwa ndani. Aliangalia kimya, halafu akauliza, "Na huyu msichana alipona?" Nikamwambia ndio, alipona. Akarudisha simu. Hakuwa na swali lingine kuhusu video.

Alikubali niweke tochi. Yule dada pia amekubali, nilimpigia, akasema nisifiche sura yake, nifiche tu kutapika kwenyewe. Ile video ya zamani nimeitoa jana usiku, pamoja na watazamaji wake wote na pesa kidogo iliyokuwa bado inaingia. Mpya inapanda Ijumaa. Ina dakika ishirini na moja, najua ni ndefu, na sehemu ya hesabu za mita iko mwanzoni ndio usiiruke.

Kama uliwahi kwenda kwa sababu ya ile ya kwanza na mambo yakakuendea vibaya, niandikie. Nitasoma zote, hata zenye matusi. Na wewe mwenye safari ya wikendi ijayo, ambaye tangazo lako bado limetumia picha yangu ya Ziwa Michaelson: nimekutumia meseji mbili. Umezisoma, naona tiki. Itoe hiyo picha leo, halafu tuongee kuhusu usiku unaolala watu Mintos.